Kauli ya Mlaji

Kijana wa mashine ya hesabu alieleza kila kitu vizuri, kwa tabasamu na kwa mikono yote miwili, na alipomaliza Thuwaiba akamuuliza swali moja tu: mtu akishakula, anahesabiwa vipi?

"Hahesabiwi akishakula, Bi Thuwaiba," alisema Sabri, na sauti yake ilikuwa bado na subira. "Anaagiza kwanza. Mhudumu anabonyeza hapa chai, anabonyeza hapa sambusa, jikoni karatasi inatoka. Mteja akiinuka, hesabu yake iko tayari inamngoja."

"Hapa hakuna anayeagiza."

Sabri aliangaza macho mkahawani. Ulikuwa wakati wa watu kustaftahi asubuhi, meza zote zimejaa, na katikati ya kila meza palikuwa na sahani ya sambusa, katlesi na maandazi ambayo hakuna aliyeiagiza. Usi, mhudumu wa pale kwa miaka, mtu wa Bwejuu asiyekuwa na maneno mengi, alikuwa akipita na sinia, na sahani iliyopungua akaijaza bila ya kuulizwa. Mtu anaingia, anasalimia, anakaa penye nafasi, anakula mkono wake unapofika. Akishiba anakwenda kwenye meza ya pesa pale mlangoni na kusema mwenyewe alichokula. Aliyekaa kwenye meza hiyo anajumlisha, anapokea, anamwambia ahsante.

Mikahawa mingine ya Mji Mkongwe nayo huweka sahani mezani, lakini mhudumu huja akazihesabu zilizobaki. Kwa Borafya hazihesabiwi. Marehemu Mzee Borafya, babake Thuwaiba, alikuwa akisema kwamba kuhesabu vipande mbele ya mtu anayekula ni kumchungulia mdomoni, na yeye hakufungua mkahawa ili awachungulie watu midomo. Mlaji aseme mwenyewe, yatosha.

"Sasa mtu akila tano akasema mbili?" Sabri aliuliza.

"Basi kasema mbili."

Kijana alimtazama kama anayengoja sehemu ya pili ya jawabu. Sehemu ya pili haikuwepo. Alikirudisha kishikwambi chake kwenye mkoba wa ngozi, akaacha kikaratasi chenye nambari yake ya simu, akasema mashine yake inalipiwa mwezi kwa mwezi na kwamba Bi Thuwaiba akiamua ampigie wakati wowote. Alikuwa amekunywa chai na kula katlesi. Alizitaja zote na kuzilipa, na Thuwaiba akampenda kidogo kwa hilo.

Kuamua ilikuwa lazima. Mzee Borafya aliacha watoto watatu: Thuwaiba, mkubwa wao, na wadogo zake wawili wanaume, Tahir aliyeko Dar es Salaam kwenye kazi ya kutoa mizigo bandarini, na Ayoub aliyeko Maskati. Mkahawa uligawiwa kama sharia inavyotaka, wanaume mafungu mawili mawili, mwanamke fungu moja, na Thuwaiba hakuwa na neno juu ya hilo. Kilichomchosha ni kwamba mwenye fungu moja ndiye anayeamka alfajiri kukanda unga, na wenye mafungu mawili mawili ndio wanaotaka kujua unga umekwenda wapi.

Siku ya hitima ya mwaka, watu walipokwisha kuondoka na mabusati kukunjwa, Tahir alimweka dada yake upande. "Ama tutie mashine, kila mmoja aone mauzo kwenye simu yake popote alipo, ama tupangishe. Yupo mtu anataka pahala hapa auze fulana na vifurushi vya viungo kwa watalii, na anatoa pesa nzuri. Uamue kabla ya Ramadhani, Dada. Sisemi unaiba. Nasema hatuoni."

Sisemi unaiba. Maneno hayo yalimkaa Thuwaiba kifuani kama tonge kavu. Aliachika kitambo, akarudi kwa babake, na mpaka leo alilala chumba cha juu ya mkahawa, harufu ya mafuta ya kukaangia imeshaingia hata kwenye mito. Mkahawa ukipangishwa na chumba kinakwenda pamoja nao. Tahir alishamwambia asiwe na wasiwasi, kwake Dar es Salaam kuna chumba cha wageni. Thuwaiba alikiona chumba hicho mara moja, kina kitanda kizuri na pazia zito, na mke wa Tahir hupiga hodi kabla ya kuingia humo kuchukua pasi yake. Alikuwa na miaka hamsini na kitu. Hakutaka kufia kwenye chumba cha wageni.

*

Mashine ya pili ililetwa na mwanamke, Nassra, mwenye duka la simu karibu na soko la Mwanakwerekwe. Aliileta ndani ya kikapu, chini ya mchicha na ndizi alizonunua njiani, akaipangusa kwa ncha ya mtandio na kuiweka mezani. Hakutabasamu sana. Alionekana mtu aliyekuwa na siku ndefu tangu asubuhi.

"Mtandao ukikatika inaweka hesabu ndani yake mpaka urudi," alisema. "Umeme ukikatika inakwenda na chaji yake. Ikianguka chini, Bi Thuwaiba, imeanguka, tusidanganyane. Unainunua mara moja, halafu kila mwaka unanipa kidogo ya matengenezo."

"Ni lazima mtu aagize kwanza?"

"Si lazima. Mtu anakuja hapa kwako, anakwambia, unabonyeza, unafunga. Mashine haijui nani kakwambia."

Thuwaiba aliyarudia maneno hayo moyoni. Mashine haijui nani kakwambia. Basi hiyo ndiyo anayoitaka. Atakaa palepale alipokaa babake, watu watasema kama walivyozoea, na yeye atabonyeza wanachosema. Wadogo zake wataona wanachotaka kuona, na mkahawa utabaki vilevile. Alijiona mjanja siku hiyo, na kwa mtu aliyechoka, kujiona mjanja ni raha kubwa.

Alimpigia simu Tahir. Tahir alikuwa ameuliza kwa watu na aliitaka ile ya Sabri, yenye kutoa karatasi jikoni, lakini aliposikia tofauti ya bei akasema, "Hapo umefikiri, Dada." Ilikuwa mara ya kwanza kumsifu tangu babao afe. Nassra alikuja siku ya pili, akaandika bei za vitu vyote na majina ya wafanyakazi, na mwisho akauliza namba ya simu ya mwenye mali iwekwe ya nani, maana ni namba moja tu.

"Weka ya Tahir," alisema Thuwaiba. "Yeye ndiye anayetaka kuona."

Aliona ni jambo dogo. Kwake yeye mwenye mkahawa ni yule anayekaa kwenye meza ya pesa, kama siku zote, na namba ni namba tu.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Wateja walilifanyia mzaha neno lenyewe, kishikwambi, wakamuuliza Thuwaiba kama nacho kinakula sambusa. Fundi Pandu naye aliuliza ni kitu gani hicho kinachowaka, kwa sababu macho yake yalishatanda ukungu na alikuwa akiona mwanga na kivuli tu. Alikuwa fundi cherahani. Nusu ya kanzu zilizovaliwa Idi mtaa ule zilipita mkononi mwake, mpaka siku uzi ulipokataa kuingia kwenye sindano na hakuna aliyemletea tena kitambaa. Kila asubuhi alikaa meza ya ukutani, akala taratibu na kwa adabu, akainuka, akaja mlangoni akipapasa viti.

"Umekula nini, fundi?"

"Chai ya rangi, andazi moja."

Mbele ya kiti chake palikuwa na gilasi yenye ukoko wa maziwa na makombo ya sambusa yanayotosha kulisha kunguru wawili. Mzee Borafya alikuwa hayaoni makombo hayo, na bintiye alijifunza kutoyaona. Alibonyeza chai ya rangi, akabonyeza andazi, akapokea sarafu zake kwa mikono miwili kama babake alivyokuwa akizipokea. Fundi hakuomba, na hapana aliyempa. Alikula akalipa, kama mtu yeyote.

*

Mashine ilitaka pia kuambiwa, kila asubuhi, zimekaangwa sambusa ngapi. Thuwaiba aliiambia kweli, kwa sababu hakuona sababu ya kuidanganya. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Dada, zilizokaangwa na zilizouzwa hazilingani," alisema Tahir kwenye simu.

"Nyingine zinaungua."

"Kila siku?"

"Watu wanakula, Tahir. Mimi nnauza kwa kauli zao."

"Kauli," alisema Tahir, na akarudia tena neno hilo polepole kama mtu anayesoma jina la dawa. Ijumaa alikuja na boti ya asubuhi.

Hakuja kwa ugomvi. Alileta tende na kitambaa cha dera, akamwamkia dada yake, akasalimiana na Usi kwa mkono. Kisha akakaa kwenye kiti cha babake. Kishikwambi alimpa Usi, akamwelekeza apite nacho meza kwa meza, kila sahani inapojazwa aandike nani kala ngapi, kila gilasi inaposhushwa aandike. Usi alimtazama Thuwaiba. Thuwaiba alitazama pembeni. Alisimama nyuma ya kiti, mahali anaposimama mtu asiyekuwa na kazi, mikono hajui aiweke wapi.

Watu walilipa, wengine wakicheka kwamba leo wamehesabiwa. Mmoja aliyesahau katlesi alikumbushwa akaguna, akalipa. Kisha Fundi Pandu akainuka kwenye meza ya ukutani na kuja akipapasa viti.

"Shikamoo, fundi," alisema Tahir.

"Marahaba. Nani huyo? Tahir? Sauti ya babako kabisa. Mie ndiye niliyekushonea kanzu ya kwanza ya kwendea chuoni, ukaililia kwa kuwa ndefu."

"Nakumbuka, fundi. Umekula nini?"

"Chai ya rangi, andazi moja."

Usi alimletea kishikwambi, Tahir akatazama kioo. Hakuwa mtu mbaya, wala hakupandisha sauti, na Thuwaiba baadaye alifikiri kwamba angepandisha sauti ingekuwa afadhali, watu wangemkasirikia yeye. "Fundi, hapa kuna chai ya maziwa. Na sambusa nne na katlesi mbili."

"Hapo wapi?"

"Hapa kwenye mashine. Imeandikwa."

Waliokuwa wakizungumza habari za mpira waligeuka. Fundi Pandu alisimama na uso wake umeelekea kule anakodhani kuna mashine. Kisha akatia mkono ndani ya kanzu, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akalifungua fundo kwa vidole vilevile vilivyofungua mafundo ya nyuzi maisha yake yote, na akamimina kila kilichokuwemo juu ya meza.

Hazikutimia. Tahir aliona hazikutimia, na moyo wake mwema ukamtuma vibaya. "Basi, fundi, yatosha," alisema kwa upole, kwa sauti ya kusikika. "Iliyobaki isikutie taabu. Iwe sadaka."

Fundi Pandu aliitika kwa kichwa. Alitoka bila ya kusema ahsante wala kwaheri, na kwenye kizingiti, alichokivuka kila siku kwa miaka, akajikwaa.

"Umeona, Dada?" Tahir alimgeukia. "Simkatazi mtu sadaka mie. Lakini sadaka itolewe ijulikane ni sadaka. Tusilee watu uongo."

Thuwaiba alimchukia. Huyu mtoto aliyembeba mgongoni, aliyemwosha na kumvisha, alimchukia waziwazi kwa muda wa kama pumzi mbili, kisha uchovu ukaja ukaifunika chuki yote. Alisema chai imekwisha jikoni, akaenda huko, akasimama mbele ya sufuria iliyojaa chai.

Tahir alirudi Dar es Salaam jioni ileile. Aliacha amri moja: Usi aendelee kuandika.

*

Fundi Pandu hakuja siku ya pili, wala iliyofuata, wala wiki iliyofuata. Usi alimwona msikitini amekonda, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Thuwaiba alimpeleka Usi na bakuli la mbaazi na mkate wa boflo. Bakuli lilirudi na kitambaa chake kama lilivyofungwa.

"Kasemaje?"

"Kasema mwambie Bi Thuwaiba mie sijaomba."

Baada ya Alasiri Thuwaiba alijifunga buibui akaenda mwenyewe. Fundi aliishi kwenye nyumba ya wakfu, chumba cha chini, ukuta unadondoka chokaa. Alimkuta barazani, mikono juu ya magoti.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Thuwaiba. Karibu. Nimeujua mwendo wako."

Alikaa. Wakaulizana hali, wakaulizana hali za jamaa, wakafika mwisho wa jamaa.

"Hatukuoni," alisema Thuwaiba.

"Nimeacha vya kukaanga. Vinanichoma kifua."

Njia nzima alikuwa akitafuta la kumwambia. Alikuwa amepanga kumwomba radhi, kumwambia Tahir ni kijana tu, kumwambia aje ale na asiwe na wasiwasi. Lakini alipomwona vile, na mikono ile imelala magotini haina kazi, alijua kwamba kumwambia njoo ule tu ndiyo ile sadaka ya Tahir kwa maneno mengine. Kikamtoka kitu kingine kabisa.

"Mashine ilikosea, fundi."

Mzee aligeuza uso upande wake.

"Usi alikuwa bado hajaizoea. Alibonyeza vya meza ya jirani akaviweka kwako. Zile sambusa ni za watu wa forodhani waliokaa nyuma yako. Tumekuja kugundua jioni, wewe umeshaondoka. Nimekuja kukutaka radhi."

Thuwaiba alifikiri, atacheka, au ataniambia niondoke.

"Nilijua," alisema Fundi Pandu. "Nilijua mie sikula nne."

"Hukula."

"Ningekula nne ningesema nne."

"Ungesema, fundi."

"Babako hakupata kunikosea hesabu. Hata siku moja."

"Mashine, fundi. Bado ngeni."

Aliitika kwa kichwa mara kadhaa, na uso wake ukaanza kurudi mahali pake. Kisha kitu kingine kikampitikia, akakunja kipaji. "Na zile pesa zangu nilizozidisha?"

Thuwaiba hakuwa amelifikiria hilo. Aliinamisha kichwa haraka, ingawa mzee asingeweza kuuona uso wake, akafungua pochi. Alitoa zote alizomimina mezani siku ile, kasoro bei ya chai ya rangi na andazi, akamtilia kiganjani. Fundi alizipapasa moja moja na hakuharakisha. Alitoa kitambaa, akazifunga fundo.

"Sasa sawa," alisema. "Kesho nikijaaliwa nitakuja."

*

Palibaki namna ya kuifanya mashine nayo iseme hivyohivyo. Thuwaiba alimwita Nassra jioni ileile, akamweleza bila ya kutaja jina la mtu. Usi alisimama karibu, sinia tupu kifuani.

"Kufuta huwezi," alisema Nassra. "Kufuta kunataka idhini kutoka namba ya mwenye mali, na ulisema niweke ya nduguyo."

"Kumpunguzia mtu bei?"

"Kunamwendea kwenye simu saa ileile. Naweza kukutilia mahali pa sadaka, lakini panataka jina la aliyepewa."

"Jina sitaki."

Nassra alikitazama kishikwambi kwa muda, kama anayemtazama mtoto wake mwenyewe aliyemfanyia jirani ujeuri. "Kuna chakula cha mfanyakazi," alisema mwishowe. "Mfanyakazi akila, linaandikwa jina lake, na mwisho wa mwezi mwenye mali anaamua asamehe au akate. Hicho hakitaki namba."

"Niandike mie," alisema Usi.

"Wewe watakufukuza, Usi. Watasema unakula mtaji." Thuwaiba alivuta pumzi. "Mie hawanifukuzi." Alilisema hilo kama analijua, na Nassra na Usi wote wawili walikuwa na adabu ya kutomtazama.

Fundi Pandu alirudi asubuhi ya pili, amekata ndevu. Watu wa meza ya ukutani walisogea kumpisha. Alikula taratibu na kwa adabu. Alipokuja mlangoni aliulizwa alichokula, akasema chai ya rangi, andazi moja, akangoja kidogo, shingo ameinyoosha upande wa mashine.

"Sawasawa, fundi," alisema Thuwaiba. "Na mashine inasema hivyohivyo."

Vilivyobaki, alivyovihesabu Usi kwa macho, alivibonyeza kwa jina lake. Akaja mjane anayeuza ubani, anayelipa maandazi na kula mkate wa kumimina. Naye alisema alichotaka kusema. Akaja mchukuzi wa marikiti. Si wengi, na kila mmoja kauli yake ilipokewa, na kile ambacho kauli haikukifikia kiliandikwa: Thuwaiba.

*

Mwezi ulipokwisha Tahir alipiga simu. Alipiga asubuhi, mkahawa umejaa, na Thuwaiba aliibana simu kati ya sikio na bega huku akirudisha chenji.

"Dada, u mzima?"

"Alhamdulillahi."

"Nauliza mwili. Nimekaa hapa nimeifungua hesabu ya chakula cha wafanyakazi. Usi anakula mikate na chai. Wewe, Dada, kuna siku umekula sambusa tisa. Na katlesi. Na mkate wa kumimina, na chai za maziwa tatu. Saa ya kustaftahi tu."

"Kazi nyingi. Njaa inauma."

"Nimemwonyesha Ayoub, akadhani mashine mbovu." Alishusha sauti. "Dada, kuna watu unawalisha?"

Aliuliza kwa wema, na Thuwaiba aliusikia wema huo, na ndio uliomtisha. Angesema ndiyo, Tahir angetaka majina. Angeyaandika. Angewapa, pengine zaidi ya wanachokula, na angewapa yeye mwenyewe, siku ya Ijumaa, mbele ya watu.

"Nakula mie," alisema.

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Kule Dar es Salaam Tahir alishusha pumzi. "Basi usinikasirikie. Tumeshauriana na Ayoub, itabidi ikatwe kwenye fungu lako. Si kwa ubaya. Mahesabu tu."

"Kateni."

"Na uende hospitali ukapime sukari. Wifi yako anasema ulaji huo ni maradhi, na mwili wako si mdogo. Baba alikaa kwenye kiti hicho umri wake wote, sikumbuki hata siku moja kumwona anakula sambusa."

Thuwaiba alikuwa na la kumjibu hapo, lakini Fundi Pandu alishafika mbele ya meza. "Ningoje kidogo, Tahir," alisema. "Umekula nini, fundi?"

"Chai ya rangi, andazi moja."

Alipokea sarafu kwa mikono miwili. Alibonyeza chai ya rangi, akabonyeza andazi, akafunga. Fundi akatoka akikipapasa kizingiti kwa unyayo. Kisha, kwa mazoea, kwa kidole kilichochoka ambacho hakikungoja akili ifikiri, Thuwaiba akafungua ukurasa wa pili na kuandika yaliyobaki.

Kisha Tahir akasema polepole, "Dada. Hii hesabu iko mbele yangu. Imeandika sasa hivi, dakika hii hii, Thuwaiba, sambusa nne." Sauti yake haikuwa na hasira tena, ilikuwa ya mtu anayeogopa kufika mwisho wa swali lake. "Umekulaje sambusa nne, na wewe unazungumza na mimi?"

Thuwaiba aliitazama meza ya karibu. Sahani ilikuwa imejaa, Usi ametoka kuijaza, moshi bado unapanda. Alinyoosha mkono akachukua sambusa moja, akaitia yote kinywani ingawa ilimchoma ulimi, ili asiweze kujibu. Akaisogeza simu karibu na mdomo, na ndugu yake kule Dar es Salaam akamsikia anatafuna.